Utumbo Umeziba kwa Saratani: Ndugu Wanaulizwa Nini Kabla ya Kuweka Saini?

Saa nne usiku, kwenye korido ya wodi ya upasuaji, daktari alimpa binamu yangu fomu ya ridhaa na kalamu ya bluu. Ndani baba mkubwa alikuwa amelala chali, tumbo limepanda kama la mama anayesubiri kujifungua, mpira mwembamba umepita puani na kuishia kwenye mfuko ulioning'inia kando ya kitanda, umejaa maji ya kijani. Fomu ilisema watafungua tumbo, watakata utumbo, "pengine na kolostomia." Binamu aliuliza swali moja tu: kolostomia ndiyo nini? "Choo kitatokea tumboni, kwenye mfuko," daktari akajibu. Binamu akairudisha kalamu. Saini ilipatikana baada ya saa moja na nusu, simu tatu za Sikonge na moja ya Dar es Salaam.

Ninaandika kwa ajili ya ile saa moja na nusu. Hapa kwetu Tabora wengi hukutana na saratani ya utumbo mpana siku utumbo umekwisha kuziba, na siku hiyo hakuna mwenye utulivu wa kuelewa. Daktari anaeleza habari za kukata, kuunga, mfuko, rufaa ya Mwanza. Ndugu wamebaki na neno moja tu masikioni, saratani, na wanataka kujua kama mzee atapona. Hilo si swali la usiku ule. Usiku ule tumboni mna magonjwa mawili. Kuziba huhesabiwa kwa saa. Saratani huhesabiwa kwa miezi na miaka. Karibu kila anachopendekeza daktari ni njia ya kumaliza la kwanza bila kuharibu nafasi ya kutibu la pili, na ukilishika hilo, hata ule mfuko unaanza kueleweka.

Kwanza tumbo lenyewe. Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, mpana una kama mita 1.5. Mpana unaanzia chini kulia, pale kinapoota kidole tumbo, unapanda hadi chini ya ini, unakatiza kwenda upande wa wengu, unashuka kushoto, unajipinda, kisha unaingia rektamu, yaani sehemu yake ya mwisho, hadi njia ya haja kubwa. Kulia choo bado ni uji na nafasi ni kubwa, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua kwa muda mrefu huku choo kikipita pembeni. Mgonjwa anaishiwa damu polepole, anachoka, anaambiwa ni uzee. Kushoto njia ni nyembamba na choo kimekwisha kukauka. Saratani ya huko mara nyingi huuzunguka utumbo kama pete. Choo kinaanza kutoka chembamba, mara kinafunga siku tatu, mara kinaharisha, mara kinakuja na damu. Baba mkubwa alitembea na damu hiyo karibu mwaka mzima akiamini ni bawasiri, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa dukani alikonunua dawa, na hakuna aliyemwingiza kidole kumpima.

Pete inapofunga kabisa, tatizo kubwa ni gesi na maji yanayoendelea kuingia kutoka juu. Kati ya utumbo mwembamba na mpana kuna vali, na kwa watu wengi vali hiyo hairuhusu kitu kurudi nyuma. Mbele pete imefunga, nyuma vali imefunga. Jaza upepo tyubu ya baiskeli iliyo nje ya tairi uone: haivimbi sawasawa, inatunisha sehemu moja, na kadiri sehemu hiyo inavyopanuka ndivyo ngozi yake inavyovutwa zaidi, mpaka inapasukia hapohapo. Kwenye utumbo mpana sehemu hiyo ni ule mwanzo wake, chini kulia, hata kama uvimbe wenyewe uko mbali kushoto. Ndiyo maana daktari anabonyeza upande wa kulia wa mtu anayelalamikia kushoto, na ndiyo maana picha ikionyesha sehemu hiyo imefikia upana wa sentimita 12, hakuna tena habari ya kungoja asubuhi.

Dalili kubwa ni hizi: hakuna choo, hakuna upepo unaotoka, tumbo linajaa, maumivu yanakuja kwa mawimbi. Kutapika huchelewa kizibo kikiwa kwenye utumbo mpana, na hilo huwadanganya watu. Swali la muuguzi, "Mzee, umejamba lini mara ya mwisho?", si la mzaha, anayetoa upepo kidogo amezibwa nusu, na kwake bado kuna muda wa kupanga. Lakini maumivu ya mawimbi yakigeuka kuwa ya moja kwa moja, tumbo likawa gumu kama ubao, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, huenda utumbo umekufa au umetoboka. Hapo hakuna cha kupanga.

Si kila utumbo ulioziba una saratani, jambo linaloleta matumaini na mkanganyiko pia. Katika hospitali zetu utumbo kujisokota ni sababu ya kawaida sana. Ipo ngiri iliyonaswa, yapo makovu ya upasuaji wa zamani, na kwa watoto wapo minyoo. Utumbo uliojisokota, ikiwa haujaanza kufa, unaweza kunyooshwa kwanza kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa, uvimbe hauwezi. Kwa hiyo picha ya tumbo, eksirei ya kawaida kwanza na CT scan ikiwa ipo na mgonjwa anaistahimili, si njia ya kula pesa za watu.

Saa za kwanza

Kabla ya kisu kuna kazi ambayo ndugu huiona kama kucheleweshwa. Mgonjwa anazuiwa kula na kunywa. Anawekewa dripu, kwa kuwa lita kadhaa za maji na chumvi zimekwama ndani ya utumbo, mwili umekauka huku tumbo limejaa. Mpira wa puani unanyonya kilichoko tumboni, kutapika kunapungua na hatari ya matapishi kuingia mapafuni wakati wa dawa ya usingizi inapungua pia. Mpira wa mkojo nao una kazi: kwa mtu wa kilo 60, muuguzi anataka kuona angalau mililita 30 kila saa. Nilimwona muuguzi akiinama na tochi ya simu kusoma mistari ya ule mfuko, anaandika, anarudi tena baada ya saa. Mpaka figo zianze kuitika, kumpeleka mtu thieta ni kumpeleka akiwa nusu amekufa. Hapohapo ndugu wanaombwa kuchangia damu, na antibiotiki zinaanza.

Kuna jambo moja ambalo halitakiwi: dawa ya kuendesha. Iwe ya duka, iwe ya mizizi, iwe ya kupigwa bomba. Inausukuma utumbo upige dhidi ya ukuta uliofungwa. Baba mkubwa alikunywa mbili tofauti katika siku nne za kufunga choo, na ya pili ndiyo iliyomlaza.

Kulia ni kwepesi kuliko kushoto

Uvimbe ukiwa kulia, uamuzi mara nyingi si mgumu. Daktari anaondoa nusu ya kulia ya utumbo mpana pamoja na mafuta na tezi zake za limfu, kisha anauunga utumbo mwembamba na mpana uliobaki, siku hiyohiyo. Mshono huo hushika vizuri. Mgonjwa akiwa taabani sana, au usaha umekwisha kusambaa, ncha ya utumbo mwembamba inatolewa kwenye ngozi ya tumbo kwa muda, choo kiingie mfukoni, na kuunga kunangoja.

Kushoto ndiko penye mjadala, na ndiko alikokuwa baba mkubwa. Utumbo ulio juu ya uvimbe umevimba, umejaa choo, damu haiufikii vizuri. Kuushona na kile kipande chembamba kilicho chini ya uvimbe ni kama kumshonea mtu shati kwa kitambaa kilicholowa na kuchakaa: uzi utapita, lakini je, utashika? Mshono ukiachia siku ya tano, choo kinamwagika tumboni, na hapo ndipo watu hufa. Mbele ya hali hiyo kuna njia nne.

Ya kwanza inaitwa operesheni ya Hartmann, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Henri Hartmann, aliyeieleza mwaka 1921. Uvimbe unaondolewa, ncha ya juu ya utumbo inatolewa kwenye ngozi ya tumbo iwe kolostomia, ncha ya chini inafungwa na kuachwa ndani. Magonjwa yote mawili yanaguswa siku moja, na hakuna mshono wa ndani wa kuachia. Gharama yake ni mfuko, na operesheni ya pili kubwa kama mtu atataka kuungwa baadaye.

Ya pili ni kukata na kuunga palepale, ama baada ya kuusafisha utumbo mezani, ama kwa kuondoa karibu utumbo mpana wote na kuunga utumbo mwembamba na kilichobaki chini. Ni nzuri kwa mgonjwa ambaye bado ana nguvu, mikononi mwa daktari aliyezoea, mchana, palipo na chumba cha uangalizi maalumu. Aliyeondolewa utumbo mwingi ajiandae kwenda chooni mara nyingi kwa siku.

Ya tatu ni kolostomia peke yake. Daktari anafungua tundu dogo, anatoa kitanzi cha utumbo ulio juu ya uvimbe, anakifungua na kuweka mfuko. Uvimbe hauguswi. Ndugu hukasirika hapa: "Wamempasua na kansa wameiacha!" Ndiyo, wameiacha, kwa makusudi. Utumbo unapumua, mgonjwa anakula, damu inaongezeka, vipimo vinafanyika, na wiki chache baadaye saratani inaondolewa kwa utaratibu na daktari wa saratani za utumbo. Kwa mkoa kama wetu naiona njia hii inadharauliwa isivyostahili. Toka Tabora kwenda Mwanza kwa barabara, kupitia Nzega na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 300. Mtu aliyejaa tumbo akibingirishwa kwenye gari umbali huo anaweza kutobokea njiani. Akiwekewa kwanza mfuko Kitete, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, au Nkinga kule Igunga, atakwenda Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, ameketi kwenye kiti cha basi. Upasuaji wa dharura una hatari ya kifo kubwa mara kadhaa kuliko uleule ukifanywa kwa kupangwa, na kolostomia hununua mpango.

Ya nne ni stenti: bomba la wavu wa chuma, linapitishwa likiwa limekunjwa kwa njia ya haja kubwa, linavushwa pale penye pete na kuachwa lijifungue lenyewe. Hakuna kisu. Choo hutoka, wakati mwingine kabla mgonjwa hajatoka chumba cha kipimo. Linaweza kuwa daraja, mtu akafanyiwa upasuaji baada ya wiki mbili hivi, au likawa tiba ya kudumu kwa mtu ambaye saratani yake haiondoki tena. Lakini lina ubaya wake. Linaweza kuutoboa utumbo, na kutoboa mahali penye saratani inayotibika ni kumwaga mbegu zake tumboni. Kwa hofu hiyo, mwongozo wa madaktari wa endoskopi (wanaochunguza tumbo kwa kamera) wa Ulaya wa mwaka 2014 haukutaka stenti iwe daraja la kawaida. Ule wa 2020 ulilegeza, ukisema ijadiliwe na mgonjwa kama mojawapo ya njia. Linataka kolonoskopi, yaani kamera ya kuuona utumbo mpana kwa ndani, eksirei ya kuangalia papo kwa papo na mkono uliozoea, kwa hiyo ni la kuuliziwa hospitali kubwa, si la kulisubiri usiku tumbo likiwa limetanuka. Na aliyewekewa asile kama zamani: mahindi ya kuchoma, maganda ya maharage, na zile embe zetu za nyuzi, vyote hukwama kwenye wavu.

Rektamu ina sheria zake. Saratani ya chini kabisa karibu na njia ya haja haikatwi kwa dharura, wala stenti haifai pale, maana mgonjwa ataishi na maumivu na hamu ya choo isiyokwisha. Anawekewa kolostomia, anapelekwa kwenye mionzi na tiba kemikali, Bugando au Taasisi ya Saratani Ocean Road, kisha upasuaji baadaye.

Ikiwa imekwisha kusambaa

Kuna usiku mwingine ambao daktari anatoka na habari kwamba saratani iko kwenye ini, au imetapakaa ndani ya tumbo lote. Ndugu huuliza: sasa kupasua kwa nini? Wakati mwingine bado inafaa kupasua, kwa sababu kufa kwa utumbo uliopasuka ni kufa vibaya, na mfuko au stenti vinaweza kumpa mtu miezi ya kula na familia yake na kupokea tiba kemikali. Wakati mwingine utumbo mwembamba unaunganishwa na sehemu iliyo mbele ya uvimbe, chakula kikapita kwa mchepuko. Lakini ikiwa utumbo umebanwa sehemu nyingi na mtu amekonda sana, kisu hakisaidii.

Hata hapo zipo tiba: morfini kwa maumivu, hayosini kwa msokoto na kupunguza majimaji, deksamethasoni kupunguza uvimbe, haloperidoli kwa kichefuchefu, na oktreotaidi palipo na uwezo. Metoklopramidi, ambayo wengi huijua kama dawa ya kutapika, haifai kwa aliyezibwa kabisa kwa sababu inausukuma utumbo. Watu wakipewa dawa hizi vizuri, baadhi hutolewa ule mpira wa puani na kunywa uji kidogo. Ndugu wanaoambiwa "hakuna operesheni" wadai haya. Kurudishwa nyumbani na paracetamol si tiba ya mtu huyu.

Kopo na miezi inayofuata

Baada ya operesheni, binamu alipewa kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, ndani kipande cha utumbo kinaelea kwenye fomalini. Alilishika kwa vidole viwili kama anayebeba nge. Kopo hilo lina uzito kuliko fomu ya ridhaa. Bila maabara kukichunguza, hakuna ajuaye saratani ilikuwa hatua gani, na watu wengi hupona kidonda, wakaona wamemaliza, kopo likapotelea kabatini.

Maabara inatakiwa itafute angalau tezi 12 za limfu na kusema ngapi zina saratani. Zikiwa nazo, hiyo ni hatua ya tatu, na mgonjwa mwenye nguvu anahitaji tiba kemikali, kwa kawaida vidonge vya capecitabine pamoja na dripu ya oxaliplatin, kwa miezi mitatu au sita. Ianze ndani ya wiki nane hivi, siyo baada ya mavuno. Tezi zikiwa safi, kule kuziba kwenyewe bado kunahesabiwa kuwa dalili ya hatari, na tiba hiyo inazungumzwa hata katika hatua ya pili. Jambo lingine linalosahaulika: siku ya dharura hakuna aliyeuona utumbo wote kwa ndani. Kati ya miezi mitatu na sita baadaye ufanyike uchunguzi wa kolonoskopi, hata kupitia kwenye kolostomia, kuangalia kama kuna uvimbe wa pili. Wa baba mkubwa ulionyesha kinyama kidogo, kikaondolewa palepale.

Na ule mfuko? Utumbo uliotokezwa ni mwekundu, wenye unyevu kama ndani ya shavu, na ukiushika mgonjwa hasikii maumivu. Ukigeuka mweusi, hospitali siku hiyohiyo. Ngozi inaoshwa kwa maji ya kawaida na kukaushwa, tundu la bamba linaloushikiza mfuko kwenye ngozi likatwe kubwa kuliko utumbo kwa milimita mbili tatu tu. Likizidi, choo kinailamba ngozi inakuwa kidonda. Kolostomia ya kushoto hutoa choo cha kawaida. Utumbo mwembamba ukitolewa nje hutoa maji mengi, na mtu huyo asikae bila ORS nyumbani. Mifuko ni ghali na haipatikani kila duka. Mama mkubwa alijifunza kuosha ule wa vipande viwili na kuurudia, akaushonea kifuniko cha kipande cha kanga, upande wenye maandishi ukatazama ndani. Hajasema yameandikwa nini.

Kuunganishwa tena baada ya Hartmann hufanywa miezi kadhaa baadaye, tiba kemikali ikiisha, na wengi hawafiki huko: wengine kwa umri, wengine kwa fedha, wengine kwa sababu hawataki tena kulala thieta. Baba mkubwa ni mrina asali. Swali lake kwa daktari lilikuwa kama nyuki watamkasirikia kwa harufu ya mfuko. Daktari alicheka, hakuwa na jibu. Alichokatazwa ni kupanda miti na kubeba mizigo, kwa kuwa ngiri huota kirahisi kando ya kolostomia. Sasa mjukuu ndiye anayepanda, yeye anasimama chini ya mti wa mtundu na bakora, anaelekeza mzinga upi uanze. Tarehe ya kuungwa amepewa mara mbili na mara mbili ameisogeza. Ya tatu ameichagua mwenyewe, baada ya msimu wa asali.